Kemia na kalkulasi za mwaka wa kwanza zinanielemea: nisome vipi?

Chipukizi wa Kemia aliuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na habari zenu wenzangu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya sayansi katika chuo kimoja hapa Tanzania, nikisoma kemia na biolojia. Kidato cha tano na cha sita nilisoma tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na biolojia) nikafaulu kwa daraja la kwanza, na kemia ndiyo iliyonibeba. Sikutarajia kabisa kwamba somo hilohilo ndilo litakaloninyima usingizi chuoni.

Matokeo ya majaribio ya kwanza yamebandikwa. Biolojia ya seli nimefanya vizuri, lakini kemia ya fizikia nimepata 11 kati ya 30, na kalkulasi 9 kati ya 30. Katika kemia majaribio ni mawili, kila moja likibeba alama 15, maabara inabeba 10, na mtihani wa mwisho wa muhula unabeba 60. Wenzangu wa mwaka wa pili wananitajia sapu (mtihani wa marudio), kukeri somo (kulibeba hadi mwaka unaofuata) na hata disko (kuondolewa chuoni) kana kwamba ni mambo ya kawaida tu, ilhali mimi ni mnufaika wa mkopo na nyumbani wanategemea nimalize kwa wakati.

Kinachonitatiza zaidi ni kwamba nasoma. Kila jioni nipo vimbwetani (meza za nje za kujisomea) na madesa (notsi) yangu, narudia slaidi za mhadhara hadi naona zimeniingia, na nikifungua majibu ya mitihani ya miaka iliyopita kila hatua naiona ina mantiki. Nikikaa katika chumba cha mtihani, swali linakuwa geni na muda unapita kabla sijaandika mstari wa maana. Upande wa kalkulasi, sisi wa PCB tulisoma hisabati ile ya msingi inayoitwa BAM tu, na mhadhiri wa kemia anatumia integrali kama jambo ambalo kila mtu alishalimaliza shuleni. Ukumbini tupo mamia, mhadhara unakwenda mbio, na sijawahi kuona mtu akinyoosha mkono kuuliza.

Naomba mnisaidie. Je, bado nina nafasi ya kuyaokoa masomo haya muhula huu, na kama ipo, nibadilishe nini hasa katika kusoma kwangu? Na je, ni busara kufikiria kuhamia programu nyingine mapema, kabla mambo hayajaharibika?

Kaka wa Mwaka wa Tatu alijibu:

Pole sana mdogo wangu.

Kabla ya ushauri wowote wa namna ya kusoma, chukua karatasi upige hesabu ya alama zako, kwa sababu hofu uliyo nayo sasa ni kubwa kuliko hali yenyewe. Alama 11 kati ya 30 zikiwekwa katika kipimo cha 15 zinakuwa 5.5. Tuseme jaribio la pili unapata 20 kati ya 30, ambazo zitakuwa 10, na maabara unachukua 8 kati ya 10. Utaingia kwenye mtihani wa mwisho ukiwa na 23.5 kati ya 40. Katika vyuo vyetu vingi C huanzia 40 na B huanzia 50. Kwa hiyo utahitaji 16.5 kati ya 60 kupata C, na 26.5 kupata B. Hata B+ inayoanzia 60 itakudai 36.5, ambazo ni nyingi lakini zinafikika kwa mtu aliyefaulu kama ulivyofaulu wewe. Fungua kitabu cha kanuni za mitihani cha chuo chako uthibitishe viwango hivyo, na uangalie kama kuna kiwango cha chini cha alama za muhula ambacho asiyekifikisha haruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho, maana vyuo vinatofautiana.

Umeona kwamba maabara nimeipa 8, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Wengi katika mwaka wa kwanza huidharau kwa sababu inabeba alama chache, wakaandika ripoti usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kwa kunakili ya mwenzao. Hizo ndizo alama pekee katika somo zima ambazo swali lake unalijua kabla hujaulizwa. Soma mwongozo wa jaribio kabla ya kuingia, na uchore jedwali la kuandikia vipimo kabla hujashika bureti (mrija wenye vipimo wa kudondoshea kimiminika). Unaposoma kipimo, lisawazishe jicho lako na sehemu ya chini kabisa ya mbonyeo wa kimiminika, kisha urudie taitresheni (kudondosha kimiminika kimoja katika kingine hadi rangi ibadilike) hadi upate angalau matokeo mawili yanayokaribiana kwa 0.1 ya sentimita ya ujazo. Ripoti iandike jioni ileile, ukiwa bado unakumbuka rangi ilibadilika lini na ulipitisha matone mangapi. Maswali ya taitresheni hayakosi kurudi katika mtihani wa mwisho, na aliyeifanya kwa mikono yake huyajibu kwa nusu ya muda.

Na usikeshe. Kupiga msuli hadi alfajiri, halafu ukasinzia katika mhadhara wa saa moja asubuhi, ni kujinyima mara mbili.

Mkufunzi wa Semina alijibu:

Naongoza semina za kemia za mwaka wa kwanza na kusahihisha karatasi zake, na hali unayoieleza naiona kila muhula. Kiini cha tatizo umekitaja mwenyewe pale uliposema kwamba ukifungua majibu kila hatua unaiona ina mantiki. Kufuata hatua zilizoandikwa na mtu mwingine ni kazi moja. Kuzianzisha hatua hizo mwenyewe mbele ya karatasi isiyo na kitu ni kazi nyingine, na mtihani hupima hiyo ya pili. Kurudia slaidi kunakufanya uyazoee maandishi, na mazoea hayo yanafanana sana na kuelewa, hasa usiku uleule unaosoma.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu cha habari katika vipindi vinne, na kundi jingine likakisoma katika kipindi kimoja tu kisha likajaribu mara tatu kuandika linachokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliorudia kusoma walikumbuka takriban asilimia 40 ya kifungu, na waliojipima asilimia 61. Lililonigusa mimi kama mwalimu ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka.

Kwa hiyo, baada ya mhadhara, yafunge madesa na uandike ulichokipata, pamoja na milinganyo, bila kutazama popote. Kisha fungua, sahihisha, na maswali ya semina uyaanze kabla hujaona majibu ya mtu yeyote. Utakwama, na kukwama huko ndiko kunakokuonyesha pa kusoma. Jipe muda wa kuhangaika na swali kabla ya kutafuta msaada. Ukishaonyeshwa, funga tena, na siku ya tatu ulifanye upya kutoka mwanzo.

Naomba nikuonyeshe kwa mfano ninachomaanisha ninaposema kuelewa. Chukua mmenyuko wa oda ya kwanza, yaani ule ambao kasi yake hulingana na kiasi cha dutu kilichopo, ambao k yake (namba isiyobadilika ya kasi hiyo) ni 0.0231 kwa dakika, ukaulizwa ni sehemu gani ya dutu itakuwa imebaki baada ya dakika 90. Wengi hukimbilia kikokotoo. Wewe jiulize kwanza dutu hii huchukua muda gani kupungua hadi nusu: 0.693 ukigawanya kwa 0.0231 unapata dakika 30. Dakika 90 ni vipindi vitatu vya namna hiyo. Baada ya kipindi cha kwanza inabaki nusu, cha pili robo, cha tatu thumuni, yaani asilimia 12.5. Sasa ndipo uandike mlinganyo wenye logi asilia na upate jibu lilelile kwa njia rasmi. Zipo karatasi ambazo mwanafunzi husahau alama ya kutoa kwenye kipeo, kisha akaandika bila wasiwasi wowote kwamba baada ya dakika 90 imebaki mara nane ya dutu iliyowekwa mwanzoni. Aliyetangulia kukadiria hawezi kuliacha jibu kama hilo likapita.

Fanya vivyo hivyo kwa bafa, yaani mimumunyo inayozuia pH isibadilike sana, ambazo nina hakika zitakuwemo katika jaribio lenu la pili. Una lita moja ya mmumunyo wenye moli 0.1 ya asidi asetiki na moli 0.1 ya sodiamu asetati, na pH yake (kipimo cha uasidi, ambacho hushuka asidi ikizidi) ni 4.74. Unaongeza moli 0.01 ya asidi hidrokloriki. Kabla ya hesabu, eleza kwa maneno: asidi iliyoingia italiwa na asetati, kwa hiyo asetati itapungua hadi 0.09 na asidi asetiki itaongezeka hadi 0.11, na pH itashuka kidogo. Logi ya 0.09 ukigawanya kwa 0.11 ni takriban hasi 0.09, nayo ukiijumlisha na 4.74, pH inakuwa 4.65. Linganisha na maji matupu: kiasi hichohicho cha asidi kingeyashusha kutoka 7 hadi 2. Mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti hiyo bila kuandika mlinganyo wowote ameielewa bafa, na mlinganyo wa Henderson na Hasselbalch, ambao ndio tulioutumia hapo kupata pH, hautampa shida. Anayeukariri mlinganyo peke yake hubabaika pale tu swali linapobadilisha asidi ikawa besi.

Kuhusu ukumbi wa mamia, lawama yote isimwangukie mwanafunzi. Uchambuzi wa tafiti 225 uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2014 na Scott Freeman na wenzake ulionyesha kwamba katika masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati wastani wa wanaofeli ulikuwa karibu asilimia 34 pale mhadhiri anapozungumza peke yake, na karibu asilimia 22 pale wanafunzi wanapopewa maswali ya kushughulikia ndani ya kipindi. Tunaofundisha tunalo deni hapo. Hadi litakapolipwa, semina ndiyo sehemu yako ya kufanya kazi mbele ya mtu anayeweza kukusahihisha, na nasikitika kwamba ndiyo inayotorokwa na wanafunzi kuliko kipindi kingine chochote.

Na uliza. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona wakati wa kutengeneza aiskrimu kwamba mchanganyiko wa maziwa uliowekwa ukiwa wa moto uliganda kabla ya ule uliopozwa. Alipouliza darasani alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kutoka Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka tena. Osborne akaenda kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ambayo wanasayansi wanaibishania hadi leo. Ukiona haya kuuliza mbele ya mamia, subiri mlangoni au nenda ofisini. Mhadhiri anayekwenda mbio ukumbini mara nyingi huwa mtulivu akiwa na mwanafunzi mmoja.

Mhandisi wa Eldoret alijibu:

Nawasalimu kutoka Kenya. Nakubaliana na mengi aliyoyasema Mkufunzi, ila natofautiana naye katika mahali pa kuanzia. Ushauri wa kukadiria jibu kabla ya hesabu unamfaa mtu ambaye hesabu yenyewe anaiweza. Huyu kijana amepata 9 kati ya 30 katika kalkulasi. Asiporekebisha hisabati sasa hivi, ataendelea kuielewa kemia kwa maneno na kuipoteza kwenye karatasi.

Sisi tuliopita katika mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu) tuliingia chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha nne, bila kidato cha tano wala cha sita, kwa hiyo kila kitu ambacho wenzetu wa Tanzania hukisoma kwa miaka miwili tulikabidhiwa ndani ya muhula au mihula miwili. Niliyoyaona huko ni kwamba wanaodai kushindwa na kalkulasi mara nyingi hawajashindwa na kalkulasi. Wameshindwa na aljebra iliyo chini yake.

Tazama mmenyuko uleule wa oda ya kwanza. Mlinganyo unaanza kwa kusema kwamba kasi ya kupungua kwa dutu ni k mara kiasi kilichopo. Hatua ya kwanza ni kukusanya kila kilicho cha dutu upande mmoja na kila kilicho cha muda upande mwingine, jambo ambalo ni aljebra ya kidato cha pili. Hatua ya pili ndiyo integrali, nayo ni moja tu: integrali ya moja kwa x ni logi asilia ya x. Hatua ya tatu ni kugeuza logi toa logi iwe logi ya mgawanyo, kisha kuondoa logi kwa kutumia kipeo. Kati ya hatua hizo tatu, kalkulasi ni moja, na wengi hukwama katika ya tatu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usijaribu kusoma upya hisabati yote ya wale wa PCM (fizikia, kemia na hisabati). Orodha ya yale ambayo kemia ya mwaka wa kwanza inayadai ni fupi: kanuni za vipeo na logi, kubadilisha kiini cha fomula, mteremko wa mstari na maana yake katika grafu, diferensiali za polinomia, za kipeo asilia na za logi, kanuni ya mnyororo, na integrali chache za msingi. Tafuta mwenzako wa PCM hosteli moja nawe, umwombe akuazime kitabu chake cha kidato cha tano, na ufanye hesabu chache kila siku kwa mkono, pasipo kikokotoo wala simu. Siku unayoruka, kesho yake usiifidie kwa hesabu thelathini, endelea tu. Mtu anayefanya hivyo kwa uaminifu huanza kuona tofauti kabla ya muhula kwisha, na hata ukumbini atagundua kwamba mhadhiri hakuwa akienda mbio kiasi kile.

Chipukizi wa Kemia alirudi:

Nawashukuru sana nyote, na hesabu ya Kaka imenituliza kuliko nilivyotegemea. Nimeijaribu bafa ya Mkufunzi kwenye karatasi tupu. Maelezo niliyaweza, lakini nilikwama kwenye logi ya 0.09 kwa 0.11, nikaigeuza juu chini nikapata pH iliyopanda. Kwa kuwa nilikuwa nimeshaandika kwamba itashuka, nikajua kwamba nimekosea na nikapata mahali pa kosa. Naona basi kwamba Mkufunzi na Mhandisi wote wana haki kwa upande wangu.

Nina maswali mengine. Diskasheni yetu, yaani kundi la kujisomea pamoja, ina watu saba. Mmoja ndiye anayejua, anafanya maswali yote ubaoni, sisi tunanakili na kuondoka. Je, nijitoe nisome peke yangu? Pili, mambo mengi nayaelewa yakielezwa kwa Kiswahili, ila kuyaandika kwa Kiingereza cha mtihani ndipo yanapovurugika. Na suala la kuhama programu bado linanisumbua, maana mwenzangu mmoja ameshaanza kuulizia.

Dada wa Maabara alijibu:

Mdogo wangu, nimesoma sayansi ya maabara ya tiba na sasa nafanya kazi hospitalini Mwanza. Nitaanza na diskasheni, kwa sababu nadhani hapo ndipo unapopoteza muda mwingi bila kujua.

Usijitoe, badilisha utaratibu. Katika miaka ya 1970, Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley alichunguza kwa nini wanafunzi wengi Weusi waliofaulu vizuri shuleni walikuwa wakifeli kalkulasi, huku wenzao wenye asili ya Kichina wakifanya vizuri. Watu walidhani ni suala la juhudi au maandalizi. Alichokikuta ni kwamba wale wa kwanza walikuwa wakisoma kwa bidii lakini kila mtu kivyake, na wa pili walikuwa kila mmoja akifanya kazi yake kwanza, kisha wakikutana kulinganisha majibu na kusahihishana. Akaanzisha warsha ambazo wanafunzi walipewa maswali magumu wayafanye pamoja, na ufaulu ukapanda sana. Zingatia mpangilio wake: kwanza peke yako, kisha pamoja. Diskasheni yenu imeruka sehemu ya kwanza.

Watu saba ni wengi mno. Gawanyikeni muwe watatu au wanne, na kubalianeni kwamba asiyekuja na jaribio lake lililoandikwa, hata kama ni nusu ukurasa wenye makosa, hakai kwenye kimbweta siku hiyo. Aliyekwama ndiye aende ubaoni, wala si yule anayejua; anayejua kazi yake ni kuuliza maswali kutoka alipokaa. Mwanzoni mtakwenda polepole hadi mkate tamaa, na huyo bingwa wenu atataka kunyakua chaki. Mkatazeni kwa upole. Hata yeye atafaidika, kwa sababu kumwelekeza mtu bila kumfanyia kunadai uelewa wa ndani zaidi.

Suala la lugha linaingia hapohapo. Jadilianeni kwa Kiswahili bila kuona haya. Mkiweza kumweleza mwenzenu kwa Kiswahili kwa nini asetati inaila asidi, mmeshaelewa kemia yake. Ila msiondoke hapo kabla kila mmoja hajaandika maelezo hayo kwa Kiingereza kwa sentensi tatu au nne, kisha mkabadilishana daftari na kusomeana. Angalieni pia swali linaamuru nini. Swali linalotaka utaje linahitaji mstari mmoja, linalotaka ueleze linahitaji sababu, na linalotaka uonyeshe jinsi mlinganyo unavyopatikana linahitaji kila hatua, hata zile unazoziona ni za wazi. Nimewahi kuishi chumba kimoja na mtu aliyekuwa akijua kuliko sisi sote, na alama zake zilikuwa zikipotea hapo tu.

Kuhusu kuhama, kwanza jiulize unahama kutoka wapi kwenda wapi. Kama umegundua kwamba kazi unayoitaka maishani haihitaji kemia, hama kwa amani. Kama unaipenda kemia na unakimbia jaribio moja, programu nyingi za sayansi utakazokimbilia zina kemia, takwimu au kalkulasi ndani yake, na utayakuta mambo haya mbele ukiwa umechelewa. Uhamisho una muda wake na masharti yake, na kwa mnufaika wa mkopo kuna la ziada: nenda ofisi ya mikopo chuoni kwako uulize, kabla hujajaza fomu yoyote, mkopo wako utakuwaje ukihama na utakuwaje ukirudia mwaka. Usitegemee maneno ya vimbwetani katika jambo hilo, kwa maana kila mmoja huko ana simulizi yake.

Na usidhani kwamba bafa ni kitu cha kufaulia mtihani kisha ukakisahau. Damu ya mtu mzima mwenye afya hukaa kwenye pH ya 7.35 hadi 7.45, na sehemu kubwa ya kazi ya kuilinda hufanywa na bafa ya bikaboneti, mapafu yakitoa kaboni dayoksaidi na figo zikirekebisha bikaboneti. Mgonjwa wa kisukari ambaye asidi imezidi mwilini huletwa kwetu akihema kwa nguvu, mapafu yakijaribu kuitoa kaboni dayoksaidi ili pH isishuke zaidi. Ukiiangalia karatasi ya vipimo vyake, unaona hesabu ileile ya mwaka wa kwanza: bikaboneti imeshuka, kaboni dayoksaidi imeshuka kuifuata, na pH bado iko chini. Wewe unayesoma kemia pamoja na biolojia upo mahali pazuri kabisa pa kuliona hilo.

Jambo dogo la mwisho. Kama wasiwasi unakunyima usingizi na chakula, nenda kwa mshauri wa wanafunzi. Yupo kwa ajili hiyo.

Mkufunzi wa Semina alijibu:

Mhandisi amenirekebisha mahali pazuri, na namshukuru. Tangu sasa nitawauliza wanafunzi wangu wa PCB kuhusu logi katika semina ya kwanza kabisa.

Chipukizi, naongeza la utekelezaji tu. Ukienda ofisini kwa mhadhiri wako, usiende na neno la kwamba hujaelewa sura nzima, kwa sababu hatajua aanzie wapi na atakurudishia mhadhara uleule. Nenda na karatasi yako ya jaribio iliyosahihishwa. Kwa kila swali ulilopoteza alama, andika pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine kama hukujua dhana, ulikwama kwenye hisabati, au hukuelewa swali linataka nini. Kisha chagua maswali mawili uliyoyafanya upya, uweke alama kwenye mstari uliokwama, na umwombe akuangalie unavyoendelea kutoka mstari huo. Na uende wiki hii au ijayo. Wiki ya mwisho kabla ya mitihani foleni mlangoni kwetu huwa ndefu, na kila anayeingia tunampa dakika chache mno.